Kuhifadhi Picha bila ya Kuzipunja

Aghalabu hutokea, hasa nyakati za arusi na za misiba, kwamba mtu huenda kwa mpiga chapa na simu mkononi, na ndani ya simu hiyo mna picha moja aipendayo kuliko zote, akataka itolewe bango la urefu wa mita mbili, na mpiga chapa, akiisha kuitazama, kabla hata ya kutaja bei, huuliza: "Picha hii umetumiwa, au umeipiga mwenyewe?" Haulizi kwa udadisi. Anajua kwamba picha iliyopita katika kundi la WhatsApp la ukoo, ambako nako ilifikishwa kutoka kundi la kamati ya arusi, huonekana safi juu ya kioo cha simu, ilhali ikitanuliwa kufikia kiasi cha bango hutoa nyuso zisizo na kope, na kandokando ya kila herufi hutokea vumbi ambalo halikuwapo siku ile ilipopigwa. Madhumuni ya mwongozo huu ni kukuonyesha, msomaji, ni wapi hasa picha hupunjwa, ili ikikulazimu kuipunguza uipunguze kwa hiari yako na kwa kiasi unachokijua.

Picha ya kidijiti, hata iwe ni uso wa mama yako mzazi, mbele ya kompyuta ni jedwali la namba tu. Simu ya kawaida ya leo hupiga picha yenye nukta 4000 upande mmoja na 3000 upande wa pili, yaani nukta milioni 12 kwa jumla, ambazo mafundi huziita pikseli. Na kila nukta huandikwa kwa namba tatu, ya kwanza kiasi cha wekundu, ya pili cha kijani, ya tatu cha buluu, kila namba ikichukua baiti moja. Zidisha, utapata baiti milioni 36, yaani megabaiti 36 kwa picha moja. Walakini ukifungua mahali ambapo simu huonyesha tafsili za picha hiyo, utakuta imeandikwa megabaiti tatu au nne. Sehemu kama tisa katika kumi hazimo, na wewe hukuhisi kuwa umeibiwa.

Ziko njia mbili za kubana faili, na tofauti baina yake ndiyo shina la yote yatakayofuata. Njia ya kwanza haipotezi kitu: katika picha ya ukurasa mweupe wenye mistari michache, badala ya kuandika nyeupe mara 1000, huandikwa nyeupe mara moja pamoja na idadi yake, na siku faili ifunguliwapo kila nukta hurejea mahali pake, ile ile, bila ya pungufu. Njia hii ni aminifu lakini haina miujiza, kwa kuwa picha ya kamera, yenye majani ya mwembe na mchanga wa pwani, haina nukta nyingi zilizo sawasawa kabisa, na kwa hiyo hakuna kikubwa cha kufupishwa. Njia ya pili hupoteza kwa makusudi: hutafuta lile ambalo jicho la mwanadamu halitatambua kuwa halipo, ikalitupa, na likiisha kutupwa halirejeshwi na fundi yeyote. Programu za siku hizi zinazojigamba kuwa huirudishia picha hafifu uwazi wake hazirudishi kitu, hubuni. Kwa picha ya ua hilo si neno, lakini kwa uso wa marehemu aliyeacha picha mbili tu duniani, mimi singekubali kubuniwa.

Bingwa wa njia hii ya pili ni JPEG, jina ambalo ni kifupisho cha lile la kamati ya wataalamu iliyoundwa mwaka 1986 na ambayo kanuni zake zilipitishwa mwaka 1992. Hisabati iliyo moyoni mwake ni ya zamani zaidi. Ilitangazwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Kansas, Marekani, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Inafaa kuifuata kazi ya JPEG hatua kwa hatua, kwani anayeijua hatakosea tena kuchagua namna ya kuhifadhi picha.

Kwanza JPEG hutenga mwangaza na rangi, kwa sababu jicho letu ni kali sana kwa mwangaza na ni zembe kwa rangi. Mwangaza huachwa wote. Rangi, aghalabu, huhifadhiwa kwa robo tu, nukta nne zikigawana rangi moja, na kwa hila hiyo moja nusu ya mzigo huwa imeondoka kabla kazi yenyewe haijaanza. Kisha picha hukatwa miraba midogo yenye nukta 8 kwa 8, jumla 64, na kila mraba huelezwa upya: badala ya namba 64 za nukta, huwekwa namba 64 za mabadiliko, ya kwanza ikieleza wastani wa mraba wote, zinazofuata zikieleza mabadiliko ya polepole kutoka ukingo hadi ukingo, na za mwisho zikieleza mabadiliko ya ghafla baina ya nukta na jirani yake. Hatua ya tatu ndiyo yenye kisu. Kila namba hugawanywa kwa kigawanyo kilichowekwa katika jedwali, na jibu hukadiriwa kuwa namba kamili iliyo karibu. Vigawanyo vya mabadiliko ya ghafla ni vikubwa, basi namba nyingi za mwisho huwa sifuri. Kile kiwango cha ubora unachoulizwa na programu wakati wa kuhifadhi, 60 au 80 au 95, hakina kazi nyingine ila kuvipandisha au kuvishusha vigawanyo hivi. Mwisho, namba zilizobakia hubanwa tena kwa njia isiyopoteza, kwa ufundi wa David Huffman aliouchapisha mwaka 1952, ambao huzipa namba zinazorudiwa sana alama fupi.

Sasa tazama miraba miwili kwa karibu. Mmoja umeangukia anga la asubuhi juu ya bahari: nukta zake 64 zinabadilika kidogo kidogo kutoka buluu iliyokolea hadi iliyopauka, na hilo huelezwa kwa namba mbili tatu, sitini nyingine zikawa sifuri, wala jicho halipati la kulalamikia. Wa pili umeangukia risiti ya M-Pesa uliyoipiga picha juu ya kioo, mahali palipo na tarakimu nyeusi juu ya weupe mtupu. Hapa nukta huruka kutoka weupe kwenda weusi na kurudi ndani ya nafasi tatu, yaani kila kitu ni mabadiliko ya ghafla, na hayo ndiyo ambayo JPEG imeagizwa kuyatupa. Matokeo yake ni kuwa weupe ulio pembeni mwa tarakimu hujaa vijivu vidogo kama nzi, na baada ya kutumwa mara mbili tatu 3 na 8 zaanza kushabihiana. JPEG haikukosea. Ilipewa kazi isiyo yake.

Kazi hiyo ni ya PNG. Kabla yake palikuwa na GIF, iliyotolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe, nayo haikuweza kubeba zaidi ya rangi 256 kwa picha. Juu ya hivyo, ufundi wa kubana uliotumika ndani yake ulikuwa na hataza, na mwisho wa mwaka 1994 ilipotangazwa kwamba waandishi wa programu watatakiwa kulipa, watu kadhaa walikaa wakabuni fomati mpya isiyodaiwa na mtu, wakaitoa mwaka 1996. GIF imebakia kuwa chombo cha vichekesho vinavyochezacheza kwenye simu. PNG hubana bila ya kupoteza hata nukta moja, na inaweza kuwa na mandharinyuma yasiyo na rangi yoyote, jambo linalofaa mno kwa saini, muhuri au nembo itakayowekwa juu ya barua. Kwa hiyo risiti, jedwali, ramani, mchoro wa nyumba, ukurasa wa hati, na ile picha ya kioo ambayo vijana huiita skrinishoti, vyote hivyo viache katika PNG. Skrinishoti, simu nyingi hukuhifadhia hivyo zenyewe, usijitie kuzigeuza.

Lakini usidhani kwamba PNG ni cheo ambacho picha yoyote hupandishwa. Wapo wanaochukua JPEG iliyokwisha kuchakaa wakaigeuza PNG kwa kutaraji itatakata, na wapatacho ni faili kubwa mara kadhaa iliyohifadhi kwa uaminifu kamili kila doa la ile ya kwanza. Kilichotupwa hakirudi, kama machicha yasivyorudi kuwa nazi.

Liko jambo ambalo watu huliogopa bure, na jingine wasiloliogopa ilhali wangepaswa. La kuogopwa bure ni kufungua. JPEG unaweza kuifungua na kuitazama kila siku kwa miaka, ukainakili kutoka simu kwenda kompyuta, kutoka kompyuta kwenda flashi, na isipungue hata baiti. Hupungua pale unapoifungua, ukaibadili, ukaihifadhi tena kuwa JPEG, kwani hapo namba hugawanywa na kukadiriwa upya. Na ukiirudia kazi hiyo leo kwa kukata pembeni, kesho kwa kuongeza mwanga, keshokutwa kwa kuandika jina chini yake, kila mara juu ya matokeo ya jana, utakuwa umeitoza picha kodi mara tatu. Hata ukiweka ubora 100 hujaepuka, maana makadirio yapo hata hapo, ijapokuwa ni madogo. Kanuni yake ni nyepesi: picha iliyotoka katika kamera ni asili, na asili haiguswi. Itengenezee nakala, fanya kazi juu ya nakala, na ukitaka marekebisho mengine kesho rudi kwenye asili uanze hapo. Ikiwa kazi ni ya siku nyingi, hifadhi nakala ya kazi katika PNG, au katika TIFF, fomati tutakayoifikia mbele, mpaka imalizike, kisha toa JPEG mara moja, mwisho. Kiwango cha ubora baina ya 85 na 90 kinatosha kwa karibu kila haja, ingawa ni vyema kukumbuka kwamba programu hazikubaliani katika kuhesabu, hivyo 80 ya programu hii huenda isiwe 80 ya ile.

Mtozaji mkubwa wa kodi hiyo kwetu ni WhatsApp. Sisemi hivi kwa kuilaumu, kwa kuwa bila ya ubanaji wake bando la wengi wetu lisingefika jioni. Picha unayoituma kwa njia ya kawaida hupunguzwa nukta, upande wake mrefu ukashushwa kufikia takriban 1600, kisha hubanwa kwa ukali. Ule uchaguzi wa ubora wa juu ulioongezwa mwaka 2023 hulegeza mkono, lakini nao bado hubana. Ukitaka picha ifike kama ilivyo, usiitume kama picha. Gusa alama ya kiambatisho, chagua hati, kisha itafute picha yako miongoni mwa faili, na itakwenda nzima, megabaiti zake zote. Bluetooth, waya wa simu na flashi pia hazipunguzi kitu. Siku ya arusi mwambie mpigapicha mapema akupe faili zenyewe ndani ya flashi, wala usingoje wazitupie katika kundi.

Fomati mpya zinahitaji maneno machache. Simu za iPhone, tangu programu yake ya mwaka 2017, huhifadhi picha katika HEIC, ambayo kwa ubora ule ule huchukua karibu nusu ya nafasi ya JPEG; ni ufundi bora bila ya shaka, ila kompyuta nyingi za ofisini na za maduka ya chapa haziijui, na mwenye haraka hujikuta amesimama dukani na faili isiyofunguka. Katika mipangilio ya kamera ya simu hiyo, sehemu ya fomati, mna uchaguzi wa kupiga kwa namna inayokubalika zaidi na vyombo vingine, na mimi ningemshauri kila ambaye picha zake huenda kwa mpiga chapa auchukue. WebP, iliyotolewa na Google mwaka 2010, utaikuta zaidi katika picha ulizozipakua kwenye tovuti. Ifungue katika programu ya picha uihifadhi upya kwa JPEG. Tahadhari na hila ya kubadili jina. Kufuta heic mwishoni mwa jina la faili na kuandika jpg hakuigeuzi, kwani programu husoma baiti za mwanzo ndani ya faili, na humo kila fomati imejiandikia utambulisho wake.

Sasa tuje kwenye taabu inayowasumbua vijana kila msimu wa maombi ya kazi, ya vyuo na ya viza: mfumo unataka picha ya pasipoti, JPEG, isiyozidi kilobaiti 200, nawe unayo ya megabaiti nne. Wengi hukimbilia kushusha ubora, wakashusha hadi 30, hadi 15, na picha inayotokea ina uso uliogawanyika miraba kama sakafu ya vigae, mfumo ukaikataa kwa sababu haieleweki. Anza na nukta, si na ubora. Kwanza kata pembeni ubakishe kichwa na mabega. Kisha punguza kipimo hadi nukta 600 kwa 800, au kile kipimo chenyewe ikiwa masharti yamekitaja. Hapo unazo nukta 480,000 badala ya milioni 12, ambazo kabla ya kubanwa ni baiti 1,440,000, na kwa JPEG ya ubora wa 85 hivi, juu ya ukuta mweupe usio na mambo mengi, utapata faili iliyo chini ya kilobaiti 200 pasipo uso kudhurika. Ikizidi kidogo, shusha ubora hadi 80. Yote haya yafanye juu ya nakala, na uipe jina linaloitofautisha, maana si mmoja wala wawili waliohifadhi kijipicha hicho juu ya asili wakaikosa moja kwa moja.

Kuhusu kuchapa, shika kipimo kimoja: picha inayoshikwa mkononi inahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Kadi ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ni inchi 4 kwa 6, inataka nukta 1200 kwa 1800. Karatasi ya A4 inataka 2480 kwa 3508. Hivyo picha iliyopita WhatsApp, yenye 1600, inakaribia kutosha kadi na haitoshi A4. Bango ni jambo jingine, kwani hakuna anayelitazama kwa umbali wa shubiri. Nukta 50 kwa inchi zinamridhisha mtazamaji aliyesimama hatua kadhaa. Bango la mita mbili lina inchi 79 hivi, basi linahitaji nukta zipatazo 3950 kwa urefu wake, na picha asili ya simu ina 4000. Ile ya WhatsApp ingempa mpiga chapa nukta 20 kwa inchi, ndiyo maana huuliza.

Zimebaki picha za karatasi, zile zilizopigwa katika studio kama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na ambazo hata leo zimo katika majalada ya majumba mengi ya visiwani na mrima, zikiliwa na unyevu wa pwani. Hizi usizipige kwa simu chini ya taa ya dari. Zipeleke kwenye skana. Weka nukta 600 kwa inchi, chagua rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu umanjano wa karatasi na madoa yake vitamsaidia fundi baadaye kutenganisha doa na picha, na hifadhi katika TIFF, fomati ya mwaka 1986 ambayo wenye makumbusho na nyaraka bado huitegemea. Kadi ya inchi 4 kwa 6 itakupa nukta 2400 kwa 3600, na faili ya megabaiti 26 hivi. Usiogope ukubwa huo. Majalada mawili ya ukoo mzima yanaenea katika flashi ya bei nafuu, na ni busara ziwe flashi mbili, zikakaa katika nyumba mbili. Futa vumbi kwenye kioo cha skana kila baada ya picha chache kwa kitambaa kikavu, geuza pia nyuma ya kila picha uiskani ikiwa imeandikwa jina au tarehe, na maandishi hayo yatie ndani ya jina la faili.

Tahadhari moja inafuatana na ule ushauri wa kutuma picha kama hati. Simu huandika ndani ya faili mambo ambayo hayaonekani juu ya picha: siku na saa ilipopigwa, aina ya simu, na ikiwa kamera imeruhusiwa kujua mahali, longitudo na latitudo za pale ulipokuwa umesimama. WhatsApp inapoituma kama picha huyafuta hayo. Inapoituma kama hati huyaacha yote. Kwa ndugu yako si kitu. Lakini ukimtumia mtu usiyemjua picha ya friji unayoiuza, uliyoipiga jikoni kwako, umempa ramani ya kufika mlangoni. Ingia katika mipangilio ya kamera uzime ruhusa ya mahali, au kwa picha zilizokwisha kupigwa zifungue katika programu ya picha na uondoe mahali katika tafsili zake kabla ya kuzituma. Na kwa mnunuzi wa friji, tuma kwa njia ya kawaida, ambayo kwa haja yake inatosha kabisa.